Jirani Anaomba Kubadili Matumizi ya Kiwanja: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Uamuzi wa Ardhi Kwenye Halmashauri

Mkazi wa mjini mara nyingi hupata habari za ardhi ya mtaa wake akiwa amechelewa. Anaamka anakuta mabati yamezungushwa kwenye kiwanja walichokuwa wakichezea watoto, anauliza, anaambiwa panajengwa kituo cha mafuta. Akienda halmashauri anajibiwa kwamba jambo hilo lilishapita kwenye vikao. Na huenda lilipita kweli: tangazo lilibandikwa, muhtasari wa mtaa uliandikwa, kamati ikakaa, na mezani hapakuwa na karatasi hata moja kutoka kwa majirani.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifikisha karatasi hiyo mezani mapema. Nimechukua mfano wa ombi la kubadili matumizi ya ardhi kwa sababu ndilo linalowakuta majirani wengi, na njia yake haitofautiani sana ukiwa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, Dodoma au kwenye manispaa yoyote ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake. Vijijini nako kuna utaratibu mwingine, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji nguvu ambayo mtaa wa mjini hauna.

Hatua ya 1: Jua ni uamuzi gani unaotafutwa

Ukienda dirishani na kusema "kuna kitu kinaendelea pale kwetu," utazungushwa, na si lazima kwa ubaya. Kila aina ya uamuzi ina faili lake na meza yake.

Kubadili matumizi ni pale kiwanja kilichopangwa kwa makazi kinapoombewa kuwa cha biashara, hoteli, nyumba ya ibada, karakana au kituo cha mafuta. Mwombaji ni mwenye kiwanja. Kugawa au kuunganisha viwanja ni ombi jingine, ingawa mara nyingi huja sambamba na lile la kwanza: viwanja viwili vya makazi vinaunganishwa, kisha matumizi yanaombewa kubadilishwa. Kurekebisha mchoro wa mipangomiji ni jambo zito zaidi, kwa sababu hapo ndipo eneo la wazi au eneo la shule huweza kugeuzwa kuwa viwanja, na mwombaji anaweza kuwa halmashauri yenyewe. Kibali cha ujenzi hakibadili matumizi; kinaruhusu jengo fulani, lenye ghorofa kadhaa, kwenye matumizi yaliyopo.

Utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma uko mbali na hayo yote. Hapo Serikali inachukua na kulipa fidia, na Kanuni za fidia za 2001 zimetaja vinavyohesabiwa: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayopigiwa hesabu ya kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Kama kinachokukabili ni utwaaji, acha mwongozo huu na utafute mwanasheria na mthamini mapema.

Hatua ya 2: Jua faili liko ofisi gani

Dar es Salaam watu wengi hupotea hapa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo "Jiji" sasa ni Ilala peke yake. Mkazi wa Mikocheni faili lake liko Manispaa ya Kinondoni, wa Mbagala liko Temeke, na wa Sinza, ambaye zamani alikuwa Kinondoni, yuko Ubungo. Barua ikipelekwa kwenye halmashauri isiyo yako inaweza kulala masjala wiki nyingi, na muda wa pingamizi unaisha.

Dodoma kuna historia yake. Hadi Mei 2017 ardhi ya mji ilikuwa chini ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mamlaka hiyo ilipovunjwa, kazi na kumbukumbu zake zilihamia halmashauri. Kama kiwanja chako kilipimwa zama hizo, taja hivyo unapoomba mchoro, ili atafutaye ajue anatafuta kabati gani.

Ndani ya halmashauri unaitafuta idara inayoshughulikia ardhi na mipangomiji, na mtu wako wa kwanza ni Afisa Mipangomiji. Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, yenye Kamishna Msaidizi wa Ardhi, iko chini ya Wizara ya Ardhi. Ilianzishwa kila mkoa mwaka 2020, na hati zinasainiwa huko. Halmashauri ikishapitisha ombi, safari ya hati mpya inaelekea kwenye ofisi hiyo. Kumbuka jambo hili, maana ndiyo nafasi yako ya pili.

Hatua ya 3: Uone mchoro kwa macho yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mengi kuliko zote. Pingamizi lisemalo "hatutaki baa mtaani kwetu" ni maoni. Pingamizi lisemalo "mchoro ulioidhinishwa unaonyesha kiwanja hiki ni eneo la wazi, na hakuna mchoro mwingine uliouondoa" ni hoja ambayo Afisa Mipangomiji hawezi kuipita bila kuijibu.

Nenda na namba ya kiwanja, kitalu na jina la eneo. Kama huna, angalia hati au ankara ya pango la ardhi ya nyumba yako au ya jirani. Kutoka hapo namba ya kiwanja kinachofuata hupatikana kwa urahisi kwenye ramani. Omba kuona nyaraka mbili: mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo, na ramani ya upimaji. Mchoro unaeleza kila kipande kilipangiwa nini. Ramani ya upimaji inaonyesha mipaka iliyowekwa mawe. Ukikuta mchoro una eneo la wazi lakini upimaji unaonyesha viwanja juu ya eneo hilohilo, umefika penye kiini. Uliza mchoro ulirekebishwa lini, kwa namba gani, na kikao gani kiliridhia.

Andika namba ya mchoro na tarehe yake ya kuidhinishwa. Uliza kama una marekebisho. Uliza pia Mpango Kabambe wa mji, yaani mpango mkuu wa muda mrefu wa matumizi ya ardhi yake, unasemaje kuhusu ukanda huo. Dar es Salaam iliendeshwa miaka mingi kwa mpango wa 1979 kabla ya huu wa 2016–2036, na Dodoma ina wa 2019–2039. Mwombaji anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba mpango mpya umeupa ukanda wake hadhi ya biashara. Ni bora ulijue hilo kabla ya kuandika barua kuliko kulisikia kikaoni.

Nakala ya mchoro huweza kuwa na malipo. Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali tu, utunze risiti. Anayekutaka umpe fedha mkononi ili "akutafutie faili" anavunja sheria, na simu ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Ukinyimwa kuona, usigombane dirishani. Andika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa raia haki hiyo na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Siku 30 ni nyingi pale pingamizi linapokimbizana na tarehe, kwa hiyo barua hii iende sambamba na barua ya pingamizi, isiisubirishe.

Na kwa wanaoishi kwenye makazi yasiyopangwa, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam: kwenu mchoro huenda haupo, au unachorwa sasa kupitia urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa. Basi nguvu zenu zote ziwekwe hapo hapo. Njia ya kupitisha gari la zimamoto na kiwanja cha kuchezea vinaweza kupatikana wakati kamati ya urasimishaji inakaa na mtaalamu na majirani wanakubaliana kila mmoja apunguze kidogo. Mawe yakishawekwa, kuvipata tena ni kununua au kushitakiana. Inasikitisha jinsi watu wanavyohudhuria kwa wingi siku ya kuchangia fedha za upimaji na kukosekana siku ya kuonyeshwa rasimu ya mchoro.

Hatua ya 4: Likamate tangazo

Anayeomba kubadili matumizi hutakiwa kutangaza, kwa kubandika tangazo kwenye kiwanja chenyewe na kwa gazeti, ili wenye pingamizi wajitokeze. Muda wa pingamizi na ofisi ya kupeleka vimeandikwa kwenye tangazo; vifuate hivyo, si ulivyosimuliwa.

Lipige picha likiwa limebandikwa, moja ya karibu inayosomeka na moja ya mbali inayoonyesha mahali. Kama limebandikwa ndani ya geti au nyuma ya ukuta ambako mpita njia halioni, picha ya mbali itakuwa ushahidi wa hilo. Kama hakuna tangazo kabisa lakini fununu zimeenea, piga picha kiwanja kisicho na tangazo, kwa tarehe tofauti. Wakazi kunyimwa nafasi ya kusikilizwa ni dosari ya utaratibu, na dosari ya utaratibu huwa na uzito hata mbele ya jaji.

Hatua ya 5: Mtaa na kata

Ombi la namna hii kwa kawaida hupitia serikali ya mtaa, na mhuri wa mtaa husomwa huko juu kama sauti ya wakazi. Kuna watu wawili wa kutofautisha. Mwenyekiti wa Mtaa ni mchaguliwa wenu. Uchaguzi wa karibuni ulifanyika 27 Novemba 2024. Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, na ndiye mwandishi wa mihtasari. Nenda kwa wote wawili, kwa heshima na mapema, uwaulize swali moja: je, ombi la kiwanja namba fulani limefika hapa, na limejibiwaje?

Kama halijajibiwa, omba liletwe kwenye mkutano wa wakazi. Mkutano huo ukifanyika, mambo matatu yahakikishwe kabla watu hawajatawanyika: idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe, sababu za waliokataa ziandikwe kwa maneno yao, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe. Muhtasari usemao "wakazi walijadili na kukubaliana" bila idadi ni mlango ulioachwa wazi. Omba nakala.

Kama limeshajibiwa bila mkutano, wakazi waandike barua yao inayoeleza kwamba hawakuitwa. Msimtukane Mwenyekiti humo. Inawezekana alisaini kwa nia njema akidhani ni utambulisho wa kawaida tu, na bado mtamhitaji.

Juu ya mtaa kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake Diwani na katibu wake Mtendaji wa Kata. Wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Suala likiingia kwenye muhtasari wa kamati hiyo, Diwani anakwenda halmashauri akiwa na kitu cha kushika. Bila hicho atasimama na maneno matupu, hata kama anawaunga mkono.

Hatua ya 6: Barua ya pingamizi

Barua iwe fupi. Kurasa mbili zinatosha. Inaandikwa kwa Mkurugenzi, kwa sababu yeye ndiye mtendaji mkuu na katibu wa Baraza la Madiwani, wala haiandikwi kwa Meya au kwa Afisa Mipangomiji, ambao watapata nakala. Mfano wake huu hapa:

Wakazi wa Mtaa wa ………
Kata ya ………
Tarehe ………

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya ………

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA OMBI LA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. …… KITALU …… ENEO LA …… KUTOKA MAKAZI KUWA KITUO CHA MAFUTA

Husika na mada tajwa hapo juu.

Sisi ni wakazi na wamiliki wa viwanja vinavyopakana na kiwanja hicho (orodha na sahihi zimeambatanishwa). Tumeona tangazo lililobandikwa tarehe ………, na tunawasilisha pingamizi ndani ya muda uliotajwa.

Sababu zetu ni hizi:
(a) Mchoro wa mipangomiji Na. ……… ulioidhinishwa tarehe ……… umekipanga kiwanja hiki kwa makazi, na viwanja vyote vinavyokizunguka ni vya makazi.
(b) Barabara pekee ya kuingilia ina upana wa mita ……, na ndiyo wanayopita wanafunzi wa shule iliyo umbali wa mita …….
(c) Mfereji wa maji ya mvua unapita upande wa ……… wa kiwanja na kumwaga kwenye ………, ambako wakazi huchota maji.

Tunaomba:
(a) Barua hii iambatanishwe kwenye taarifa ya ombi itakayowasilishwa kwenye Kamati ya Mipangomiji.
(b) Kamati itembelee eneo kabla ya kujadili.
(c) Tujulishwe uamuzi na sababu zake kwa maandishi.

Nakala: Afisa Mipangomiji, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Mtaa, Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa.

Ombi (a) ndilo moyo wa barua. Wajumbe wa kamati husoma kilichomo kwenye kabrasha walilopewa. Barua iliyobaki masjala kwao ni kama haikuandikwa.

Sababu zenye nguvu ni zinazopimika: matumizi yaliyo kwenye mchoro, upana wa barabara, mifereji, maegesho, kelele za usiku, hatari ya moto, umbali kutoka shule au kisima. Pima mwenyewe kwa futi kamba na upige picha. Kama kiwanja kiko pembeni ya mto, bahari au ziwa, taja Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Watu wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mto hufurika, wanajua kwa gharama gani somo hilo lilipatikana. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale Jangwani ilijaa maji mara kwa mara. Kama kiwanja kinagusa barabara, uliza wakala za barabara za Serikali, TARURA au TANROADS, wamesema nini kuhusu hifadhi yake.

Hoja za kuacha nyumbani ni hizi: kwamba mwombaji ni mgeni, ni wa dini nyingine, ni mtu wa chama fulani, au biashara yake itaiua yako. Zikionekana kwenye barua, hata hoja zenu nzuri zitasomwa kwa jicho hilo.

Peleka nakala mbili masjala. Moja ibaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Kupeleka pingamizi hakuna ada.

Hatua ya 7: Kamati, ambako uamuzi hupikwa

Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inazifanya halmashauri za miji kuwa mamlaka za upangaji, na kazi hiyo ndani ya halmashauri inachambuliwa na kamati ya kudumu ya madiwani inayoshughulikia mipangomiji na mazingira. Wataalamu huandaa taarifa ya kila ombi pamoja na mapendekezo yao. Madiwani wanasoma, wanauliza, wakati mwingine wanatembelea eneo, kisha wanapendekeza. Ombi likitoka kwenye kamati likiwa na mapendekezo ya pamoja, ni nadra Baraza zima kulipindua. Ndiyo maana nasema mwenye kusubiri siku ya Baraza amechelewa.

Kikao cha kamati si cha wazi kwa wananchi. Hutaingia, na usijaribu kulazimisha. Unachoweza kufanya ni hiki.

Kwanza, pata majina ya wajumbe. Usitegemee orodha ya mwaka jana, kwa sababu kamati huundwa upya kila mwaka kwenye mkutano wa mwaka wa Baraza. Diwani wako anaweza asiwemo. Akiwa hayumo, mwombe awazungumzie wenzake walio ndani. Madiwani wa viti maalumu nao ni wajumbe kamili, na hawafungwi na kata moja. Wakazi wengi huwasahau, na ni hasara.

Pili, ulizia tarehe. Kamati nyingi hukaa kila robo ya mwaka wa fedha, wiki chache kabla ya Baraza. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo mambo ya Julai hadi Septemba kwa kawaida huingia kwenye vikao vya Oktoba na Novemba, na kuendelea hivyo. Ofisi ya Mkurugenzi ndiyo yenye ratiba. Mwaka wa uchaguzi mkuu mabaraza huvunjwa na shughuli hubaki mikononi mwa watendaji hadi madiwani wapya waapishwe. Miezi hiyo fuatilia kwa karibu zaidi, maana hakuna mchaguliwa wa kumuuliza.

Tatu, siku chache kabla ya kikao nenda kwa Afisa Mipangomiji umuulize kwa upole: barua yetu imeambatanishwa? Mpe nakala nyingine kama "haionekani." Usiondoke bila jibu.

Nne, kamati ikija kutembelea eneo, majirani wasiwe umati wa kupiga kelele. Wachague watu wawili au watatu, mmoja wao mama mwenye nyumba inayopakana kabisa, waonyeshe mfereji, waonyeshe upana wa njia, wamwache kila Diwani aone mwenyewe. Wakati mzuri ni ule ambao tatizo linaonekana. Kama kero ni msongamano wa asubuhi, ombeni waje asubuhi.

Na tano: Diwani mwenye maslahi kwenye jambo linalojadiliwa anapaswa kuyatangaza na kutoshiriki kuliamua. Kama mnajua kwamba mjumbe ana hisa au undugu na mwombaji, liandikeni hilo kwa Mkurugenzi kabla ya kikao, mkitaja mnachokijua tu na si mnachokihisi.

Hatua ya 8: Siku ya Baraza la Madiwani

Mkutano wa Baraza ni wa wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa Baraza lenyewe likiamua kujifungia kwa jambo mahsusi. Fika mapema, jiandikishe, kaa sehemu ya wageni. Hutaruhusiwa kusema. Uwepo wenu wenyewe unatosha: Diwani anayejua wapiga kura wake wako nyuma yake huuliza maswali ambayo angeyaacha.

Sikiliza kwa makini pale mihtasari ya kamati inapowasilishwa, kwa sababu ombi lenu halitasomwa kama ajenda ya peke yake. Litakuwa aya moja kati ya nyingi. Andika namba ya aya na maneno ya uamuzi kama Meya alivyoyahitimisha. Baraza linaweza kupokea taarifa tu, linaweza kuridhia, linaweza kuridhia kwa masharti, au kurudisha kwenye kamati. Kurudishwa si ushindi bado, lakini kunawapa robo nzima ya kujipanga.

Hatua ya 9: Baada ya uamuzi

Omba uamuzi kwa maandishi wiki hiyohiyo. Kama ombi limekataliwa, iwekeni barua vizuri, kwa sababu hakuna kinachomzuia mwenye kiwanja kuomba tena baadaye, na wajumbe wa wakati huo hawatakuwa na kumbukumbu yenu.

Kama limekubaliwa, bado hati haijabadilika. Peleka nakala ya pingamizi na muhtasari kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa, ueleze kilichorukwa. Kliniki za ardhi ambazo Wizara huziendesha mikoani nazo ni mahali pazuri pa kuwakuta maofisa wenye uwezo wa kuitisha faili papo hapo. Kwa mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kama kituo cha mafuta, andikeni pia NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa sababu maoni ya majirani ni sehemu ya tathmini hiyo.

Kama limekubaliwa kwa masharti, masharti hayo sasa ni mali yenu. Yaandikeni kwenye karatasi moja, mmoja wenu awe anayakagua. Ujenzi ukianza, ombeni kujua kibali kinasema ghorofa ngapi na umbali gani kutoka mpakani. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, na taarifa za wakati ule zilieleza kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoidhinishwa. Jirani anayehesabu ghorofa na kuandika barua anafanya kazi ya kuokoa maisha. Barua hiyo inakwenda kwa Mkurugenzi, nakala kwa mhandisi wa halmashauri na Mtendaji wa Kata, ikiomba ukaguzi na amri ya kusimamisha ujenzi.

Hatua ya 10: Ikibidi kwenda mbele

Kabla ya mahakama kuna Mkuu wa Wilaya, ambaye hana kura kwenye Baraza lakini anaweza kuwaita pande zote mezani, na kuna Wizara. Jaribuni huko, ila msiache muda ukaliwa.

Muda ni mkali. Anayetaka Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa mamlaka kwa kuwa ulivunja utaratibu anatakiwa kuomba ruhusa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Anayetaka kuishitaki halmashauri kwa shauri la kawaida, tangu marekebisho ya sheria ya 2020, anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua Mahakama Kuu. Ukifungua Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya halmashauri, shauri litaondolewa na utaanza upya. Baraza la Kata nalo, tangu 2021, linasuluhisha tu. Mgogoro wa mpaka kati yako na jirani unaanzia pale, uamuzi wa halmashauri hauanzii pale.

Asiye na fedha za wakili atafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Halmashauri yako, kupitia maendeleo ya jamii, inapaswa kujua waliopo wilayani. Nenda na faili kamili: picha za tangazo, nakala ya mchoro na namba yake, muhtasari wa mtaa na orodha ya sahihi, barua ya pingamizi yenye mhuri wa kupokelewa, na maandishi yako ya siku ya Baraza yenye namba ya aya.